Wiketi za Gahanga Ambazo Daftari Halizijui

Katika besiboli ya Marekani, mrushaji wa mpira huandikiwa ushindi wa timu kana kwamba ameupata peke yake. Waliofikisha ushindi 300 ni 24 tu. Cy Young alipata 511 kati ya mwaka 1890 na 1911, akizichezea timu za Cleveland, St. Louis na Boston. Walter Johnson alipata 417, na wote aliupata katika timu moja ya Washington. Hesabu hiyo ina kasoro, kwani mrushaji aweza kufanya kazi njema mchana kutwa akatoka mikono mitupu iwapo wenzake hawakupata mikimbio. Walakini imeandikwa, tangu mpira wa kwanza.

Hapa Kigali mrushaji tumjuaye zaidi ni wa kriketi. Yeye hahesabiwi ushindi bali wiketi, yaani wapigaji aliowatoa mchezoni. Na wiketi za Wanyarwanda zimeanza kuhesabiwa juzi tu.

Kriketi ilishamiri nchini baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ikiletwa na vijana waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Chama chake kiliundwa mwaka 1999. Kwa miaka mingi mchezo ulichezwa Kicukiro, katika viwanja vya shule ambako, tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka na kuwaacha watu wapatao 2,000 mikononi mwa wauaji. Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa Oktoba 2017. Ili kuuchangia fedha, Eric Dusingizimana, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, alipiga mpira kwa saa 51 mfululizo mwezi Mei 2016.

Sasa tuje kwenye daftari. Baraza la Kriketi la Kimataifa liliamua kwamba michezo ya ova 20 baina ya nchi wanachama wote itambuliwe kuwa ya kimataifa kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kwa wanawake, na tarehe 1 Januari 2019 kwa wanaume. Mashindano ya wanawake ya Kwibuka, ya kuwakumbuka waliouawa, yalikuwa yamekwisha anza mwaka 2014. Basi kila wiketi iliyoangushwa humo kabla ya Julai 2018 haimo katika hesabu ya kimataifa ya mrushaji yeyote.

Hata baada ya hapo daftari lina ukaidi wake. Januari 2023, huko Afrika Kusini, Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo. Rwanda ilikuwa na mikimbio 119. Zimbabwe ikaishia 80. Lilikuwa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19, na kwa hiyo wiketi hizo nne, ambazo huenda ndizo mashuhuri kuliko zote katika kriketi ya Rwanda, haziongezwi katika idadi yake ya timu ya wakubwa.

Jirani yetu Frank Nsubuga wa Uganda yuko katika hali hiyo hiyo. Alianza kucheza kimataifa miaka ya 1990, lakini hesabu yake ya ova 20 inaanzia 2019. Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Wapo watakaosema kwamba kanuni ni kanuni. Sisi twakumbuka kwamba Muttiah Muralitharan, mwenye wiketi 800 za michezo ya siku tano, alizipata 795 kwa Sri Lanka na tano kwa timu ya mseto wa dunia iliyocheza na Australia mwaka 2005. Timu hiyo haikuwa ya nchi yoyote, na bado Baraza liliona vema kuzihesabu.

Chama cha kriketi hakihitaji ruhusa ya mtu kuandika hesabu yake chenyewe. Karatasi za waandishi wa michezo ya Kicukiro zilizosalia zikusanywe, na warushaji wa enzi hizo waulizwe wangali hai.