Plaketi mpya, diski inaliwa upande mmoja: tafuta chanzo kabla ya kulipa mara ya pili

Bukavu – Dereva anayeshuka Ngomo kuelekea Kamanyola, kwenye barabara ya taifa nambari 5, anategemea freni kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Lakini kuna madereva wanaorudi garaji muda mfupi tu baada ya kutia plaketi mpya: gari linavuta upande mmoja, pedali inatetemeka, ao diski imeliwa vibaya.

Mara nyingi lawama hupewa plaketi: eti ni za bei ya chini, eti si za kweli. Hiyo hutokea. Ila plaketi haijisukumi yenyewe. Kama kinachoisukuma na kuiachia kina shida, plaketi mpya italiwa kama ile ya zamani, na diski pamoja nayo.

Kwa hiyo mwambie fundi asitupe plaketi za zamani. Azipange gurudumu kwa gurudumu, ya ndani na ya nje, muzitazame pamoja.

Magari mengi madogo yana etriye yenye pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma plaketi ya ndani, kisha etriye yenyewe inateleza juu ya vyuma viwili vidogo na kuvuta ile ya nje. Vumbi na maji vikiingia humo na grisi ikikauka, etriye haitelezi tena. Plaketi ya ndani inafanya karibu kazi yote, na uso wa ndani wa diski unaliwa kuliko wa nje. Dawa ni kutoa vyuma hivyo, kuvisafisha, kuvipaka grisi inayovumilia joto na kubadilisha kauchu zilizopasuka. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayorukwa wakati wa haraka.

Kama diski ya kushoto na ya kulia hazikuliwa sawa, tembeza gari bila kukanyaga freni sana, kisha karibisha mkono kwenye kila gurudumu bila kugusa diski. Upande wenye joto zaidi huenda ndio unaobaki umebana. Gari liinuliwe na kuegemezwa vizuri, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, fundi afungue kidogo skrubu ya kutolea hewa. Gurudumu likiachia, mafuta yalikuwa yamefungiwa, na mpira unaoyapitisha unaweza kuwa umeharibika ndani. Lisipoachia, pistoni ao vile vyuma vimekwama.

Pedali ikitetemeka, watu husema diski imepinda. Mara nyingi shida ni unene usiolingana. Diski ikikaa juu ya kutu, inayumba kidogo. Sehemu ile ile inagusa plaketi kila mzunguko mpaka inakuwa nyembamba. Fundi apime kwa mikrometa sehemu nane kuzunguka diski. Tofauti ya 0.02 mm inaweza kusikika mguuni. Kutu isuguliwe kabla diski haijarudishwa, na boliti zikazwe kwa msalaba, kwa nguvu sawa.

Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi kwa herufi MIN TH. Ikishuka chini ya hapo, haichongwi tena: inabadilishwa, pamoja na ya upande wa pili, na plaketi mpya pande zote mbili.

Hili si jambo la feza peke yake. Freni isiyoachia inapasha mafuta moto. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Kwenye mteremko hakuna nafasi ya kujaribu tena.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize fundi: plaketi za zamani ziko wapi, na ziliwa namna gani? Akishindwa kujibu, kazi haijaisha.