Mafuta ya Transfa kwa Wapandao Vidunda

Mtu atokaye Mikumi, akaiacha njia kuu iendayo Iringa na kushika ile ya kusini iendayo Ifakara, huteleza juu ya lami kwa takriban kilomita 35 mpaka Kidatu, na muda wote wa safari hiyo, akigeuza uso upande wa kuume, huiona milima ya Vidunda imeinuka kama ukuta, ikiwa ndiyo maskani ya Wavidunda tangu dahari. Maadamu yu juu ya lami, magurudumu mawili ya nyuma yanamtosha, wala gari lake halidai msaada zaidi. Lakini akiiacha lami hapo Kidodi ili apande mlimani, tena iwe ni masika, udongo umeloa na makorongo yametiririka, mkono wake hauna budi kuufuata ule mkono mdogo wa chuma uliosimama kando ya mkono wa gia, nao ndio uamrishao lile sanduku ambalo mafundi wetu huliita transfa.

Sanduku hilo hukaa nyuma ya giaboksi, na kazi yake ni kuipokea nguvu itokayo humo na kuigawa, sehemu iende difu ya nyuma na sehemu difu ya mbele, kila moja kwa propela yake. Fauka ya hayo, lina gia nzito ya kulipunguzia gari mwendo na kulizidishia nguvu. Katika Land Rover 110, gari lililotoka mwaka 1983 na ambalo wenyeji wa milima yetu wamelizoea sana, gia hiyo huupunguza mzunguko kwa zaidi ya mara 3, na katika Land Cruiser nyingi kwa takriban mara 2 na nusu. Hikima hii si ya jana, kwani Land Rover ya kwanza kabisa ilipoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa nayo, na magari mengi ya shamba yaliyoifuata yametegemea sanduku la namna hiyo kuupanda mlima.

Sasa, ndani ya sanduku mna meno ya chuma yasuguanayo, beringi zizungukazo, na katika baadhi ya magari mna na cheni pia. Vyote hivyo huogelea katika mafuta yao wenyewe, yasiyochanganyika na oili ya injini wala na ile ya giaboksi. Kiasi chake ni kidogo, aghalabu kama lita 2 kwa gari la ukubwa wa Land Cruiser, na hapo ndipo taksiri yetu ilipo. Oili ya injini ina kijiti chake cha kupimia, na hata mtoto wa nyumba amekwisha kumwona baba yake akikichomoa asubuhi na kukifuta kwa kitambaa. Transfa haina kijiti, haina taa ya kuonya, wala haionekani ila kwa mtu kulala chali chini ya gari. Kwa hiyo husahauliwa mwaka baada ya mwaka, mpaka siku itakapoanza kulia.

Tena adui yake mkubwa katika nchi yetu ni maji, kuliko hata umri. Wilaya yetu ya Kilosa haihitaji kufundishwa habari za maji. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwahamisha watu majumbani mwao na kuikata reli ya kati, na hakuna masika yapitayo bila ya madereva kuvuka vijito vilivyofurika. Lakini ni wachache wajuao maji huingiaje katika sanduku la chuma lililofungwa kwa nati na sili. Gari likiwa limepanda kwa muda wa saa nzima, transfa hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka polepole kwa njia ya kibomba kidogo cha kupumulia kilichowekwa juu yake. Dereva akifika kijitoni akaingia majini papo hapo, chuma hupoa kwa ghafula, hewa ya ndani hunywea, na sanduku hutaka kuvuta pumzi nyingine. Kibomba kikiwa kizima na mdomo wake uko juu ya maji, huvuta hewa tupu. Kikiwa kimezibwa na tope au kimekatika, sanduku huvuta kwa njia yoyote liipatayo, yaani kwa kupitia midomo ya sili, na kinachoingia ni maji ya kijito pamoja na mchanga wake.

Mafuta yaliyokwisha kuingiliwa na maji hubadilika sura yakafanana na chai ya maziwa. Ukiyaona hivyo usiyaache hata siku moja zaidi, kwani hayawezi tena kuweka utando wa kuyatenga meno na meno, na beringi zitaanza kushika kutu gari likiwa limesimama tu uani.

Njia ya kukagua ni nyepesi, ila yataka adabu. Sharti gari lisimame mahali pa sawasawa, jambo ambalo huko juu mlimani si rahisi kulipata, kwa hiyo ni afadhali kazi hii ifanyiwe bondeni, Kidodi au Mikumi. Lisimame kwa magurudumu yake yote manne, lisiinuliwe upande mmoja, maana likiinama kipimo chote ni batili; na kama nafasi ya kuingia chini haitoshi, liinuliwe pande zote kwa usawa juu ya stendi madhubuti, kamwe asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ubavuni mwa sanduku utaziona nati mbili kubwa, ya juu ni ya kujazia na ya chini ni ya kumwagia. Katika Toyota nyingi za zamani zote mbili hufunguliwa kwa spana namba 24. Futa tope kwanza, kisha fungua ya juu, utie ncha ya kidole. Mafuta yakiwa sawa na ukingo wa chini wa tundu, au yamepungua kwa milimita 5 hivi, yametosha. Yakiwa chini ya hapo, usijaze tu ukaenda zako, bali utafute yamekwenda wapi.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mafundi wengi hodari wamedanganyika. Katika Land Cruiser iliyotumika sana, sili iliyo baina ya giaboksi na transfa huchakaa, na mafuta ya giaboksi huhamia katika transfa bila ya tone moja kuanguka chini. Mwenye gari hutazama sakafu, akaiona kavu, akamhimidi Mola. Kumbe giaboksi inakauka na transfa inafurika. Kwa hiyo ukiifungua nati ya juu ya transfa na mafuta yakamwagika yenyewe kwa wingi, usifurahi kwamba yamejaa, bali ukapime giaboksi saa ile ile.

Ama kubadilisha, liendeshe gari kidogo ili mafuta yapate uvuguvugu, kisha fungua nati ya juu kabla ya ile ya chini. Amri hii naisisitiza kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kulipeleka gari langu gereji moja ambako kijana alimwaga mafuta yote kwanza, na alipoigeukia nati ya kujazia akaikuta imeshikwa na kutu, kichwa chake kikaviringika spanani, na gari likabaki tupu kwa muda wa siku tatu. Nati ya chini ikitoka, itazame: nyingi zina sumaku, na unga laini wa kijivu ulioishika si wa kutisha, ni usagikaji wa kawaida, lakini vipande vinavyokwaruza vidoleni ni habari ya jino au beringi, na hapo sanduku lishushwe likaangaliwe. Weka washa mpya, funga kwa nguvu ya kiasi, ujaze kwa pampu ya mkono mpaka mafuta yaanze kuchuruzika tunduni.

Kuhusu aina ya mafuta kuna ihtilafu nyingi madukani, na dawa yake ni kitabu cha gari, si kauli ya muuzaji. Transfa nyingi za meno matupu hutaka oili ya gia ya namba 90 au 75W-90. Baadhi ya zile za cheni hutaka haidroliki nyepesi, ile itiwayo katika giaboksi za otomatiki, na kuipa moja mafuta ya mwenzake ni kuiharibu. Wenye magari madogo ya familia kama RAV4, ambayo sanduku lake limebanwa ubavuni mwa giaboksi wala halina mkono, wasidhani kwamba hawahusiki; lao huchukua mafuta machache zaidi, na kwa hiyo huchakaa mapema yakisahauliwa. Kwa gari la mjini yaweza kupita kilomita 40,000 au zaidi kabla ya kubadilisha. Kwa gari lipandalo Vidunda na kuvuka maji, mimi nasema nusu ya hapo, na ukaguzi kila baada ya kijito kilichofika juu ya difu.

Jingine ni desturi ya dereva mwenyewe. Gari la mkono wa transfa, lisilo la foo wili ya daima kama ile ya Land Rover 110, likirudi lamini Kidodi huku bado limefungwa mbele na nyuma, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka kwenda masafa mbalimbali kila lipigapo kona, na kwa kuwa lami haiyaachii kuteleza, mvutano wote huishia ndani ya sanduku. Ondoa foo wili kabla ya tairi la kwanza kuigusa lami.

Mafuta machafu yasimwagwe ardhini, maana maji ya mteremko ule huishia katika mto Ruaha Mkuu, nao hupita kando ya mashamba ya miwa. Yakusanywe katika dumu yapelekwe gereji ipokeayo oili chafu. Nawe msomaji uliye na gari huko, masika huanza mwezi wa Machi: ingia chini ya gari lako mwezi wa Februari, fungua ile nati ya juu, utie kidole.