Mtoto Anapopiga Mayowe Usingizini

Leo tunazungumza juu ya usingizi wa watoto, hasa yale mambo ya usiku yanayowatia wazazi hofu.

Tuseme umemlaza mtoto wako wa miaka minne saa mbili za usiku. Amekula, hana homa, hana neno. Mnamo saa nne unasikia mayowe. Unakimbia, unamkuta ameketi kitandani, macho ameyakodoa, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Unamwita, haitiki. Unamshika, anakusukuma kama hakujui. Baada ya dakika chache ananyamaza na kulala tena fofofo. Asubuhi nyumba nzima hamkupata hata lepe la usingizi, yeye hakumbuki lolote, anataka uji tu.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jirani atasema ni jini, mwingine atasema mtoto amerogwa, na wa tatu atajua mganga wa kumchanja chale. Subiri kwanza, mama. Jiulize: alipiga mayowe saa ngapi? Jibu la swali hilo lina maana kubwa, na ili uelewe ni kwa nini, tutazame jinsi usingizi wenyewe unavyokwenda.

Wengi hudhani mtu akilala ubongo huzima kama taa. Sivyo. Kwanza huja usingizi mwepesi, ambao hata mlango ukilia mtu huzinduka. Kisha mwili hutulia, mapigo ya moyo hupungua, na mtu huzama katika usingizi mzito, ule tuuitao usingizi wa pono. Mtoto aliye katika usingizi huo unaweza kumbeba kutoka kwenye kochi hadi kitandani, ukamvua viatu, asijue. Baadaye huja usingizi wa ndoto. Macho huchezacheza chini ya kope na pumzi haziendi sawa, lakini mikono na miguu hulegea ili mtu asitende anayoyaota. Usingizi huu wa ndoto ulielezwa na wanasayansi mwaka wa 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Walikuwa Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, na miongoni mwa watu wa kwanza ambao Aserinsky aliwapima usiku ni mwanawe mwenyewe wa miaka minane.

Mzunguko huo hurudiwa usiku kucha. Kwa mtu mzima mmoja huchukua kama dakika 90, kwa mtoto mdogo ni mfupi zaidi. Lakini jambo la kushika ni hili: usingizi mzito huwa mwingi mwanzo wa usiku, na ndoto huwa nyingi kuelekea alfajiri.

Basi mayowe ya saa nne yametoka katika usingizi mzito. Sehemu moja ya ubongo imeamka na nyingine bado imelala. Ndiyo maana macho yako wazi lakini hakutambui, na ndiyo maana asubuhi hana habari. Hali hii huitwa vitisho vya usiku. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili, na mara nyingi imo katika ukoo. Muulize bibi yake, huenda baba mtoto naye alikuwa hivyo hivyo. Usimtikise, usimmwagie maji, usimpige kofi ati azinduke, kwani utamchanganya zaidi. Kaa karibu, mzuie asianguke, sema naye kwa sauti ya chini na ungoje ipite. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Anayelia saa kumi za alfajiri huwa ni mwingine. Huyu ameamka kabisa, anakung'ang'ania na kukueleza kwamba mbwa alikuwa akimfukuza. Hiyo ni ndoto mbaya. Mkumbatie, mwashie taa, mwambie uko naye.

Kuna na watoto wanaotembea usingizini. Hawa ni ndugu wa wale wenye vitisho vya usiku, maana hali zote mbili hutoka katika usingizi mzito. Mrudishe polepole kitandani. Funga mlango wa nje kwa komeo la juu, ondoa jiko la makaa na koroboi njiani, na asilale juu kwenye kitanda cha deka.

Yote haya huzidi mtoto akichoka, akiwa na homa au kibofu kikijaa. Uchovu ndio mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Sasa hesabu mwenyewe: analala saa nne baada ya kutazama televisheni, anaamshwa saa kumi na moja na nusu apate basi la shule. Saa saba na nusu! Na tafadhali usimpe dawa ya mafua ili alale. Ile si dawa ya usingizi, na kwa mtoto mdogo inaweza kuzuia pumzi.

Yako mengine ambayo si ya kungojea. Mtoto mwenye homa anayeweweseka au kupata degedege apelekwe hospitalini usiku huo huo, kwa kuwa huenda ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Akikakamaa, mikono na miguu ikirukaruka, mlaze ubavu na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Hata kama hana homa, mishtuko kama hiyo ikirudi-rudi usingizini ionwe na daktari, kwa sababu huenda ni kifafa, nacho kina dawa.

Kukoroma nako tusikucheke. Mtoto mwenye mafua atakoroma siku mbili tatu, si neno. Lakini yule anayekoroma kila usiku, akalala mdomo wazi, mara pumzi zikakatika kisha akashtuka akitweta, huyo njia ya hewa inaziba, mara nyingi kwa mafindo yaliyovimba. Shuleni husinzia, au hana utulivu, na mwalimu humwita mtukutu. Usimpeleke kukatwa kimio kijijini. Wako watoto waliovuja damu hadi kufa kwa wembe huo, na kimio si ndicho kinachoziba. Mpeleke kituo cha afya, uombe barua ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo.

Kabla ya kwenda, mchukue video kwa simu akiwa amelala, dakika mbili zinatosha. Andika pia alilala saa ngapi, lilianza saa ngapi, lilichukua muda gani, na kama asubuhi alikumbuka. Mchana daktari humwona mtoto aliye macho na anayecheza. Yale ya usiku ni wewe uliyeyaona.