Moyo Uliochoka na Miguu Isiyopaswa Kulala

Moyo unaposhindwa kusukuma damu inayotosheleza mahitaji ya mwili, maji hujikusanya miguuni na mapafuni, pumzi humkatikia mgonjwa kwa kazi ndogo, na baada ya muda huongezeka balaa la pili lisilozungumzwa sana, nalo ni udhoofu, yaani kupungukiwa na akiba ya nguvu za mwili mzima hata homa ndogo au siku chache za kulazwa zikamwangusha mtu aliyekuwa akijihudumia mwenyewe. Kwa kipimo kilichochapishwa na Linda Fried na wenzake nchini Marekani mwaka 2001, mtu huhesabiwa kuwa dhoofu akiwa na dalili 3 au zaidi kati ya 5: kukonda bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, mkono kulegea unaposhika kitu, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli.

Dalili hizo hudhaniwa kuwa ni uzee tu, lakini hesabu za Tanzania zinakataa. Utafiti uliofanyika hospitali ya Muhimbili chini ya Dkt. Abel Makubi, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55, na chanzo kikuu kikiwa shinikizo la juu la damu. Mtu wa umri huo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, bado hutegemewa shambani kwenye iliki na pilipili manga, au kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo akidhoofika hapungui yeye peke yake.

Moyo dhaifu huinyima misuli damu, tumbo lililojaa maji huondoa hamu ya kula, na uchochezi wa ndani kwa ndani, yaani kinga ya mwili kuwaka muda wote, huila misuli iliyobaki. Hata hivyo, sehemu ya udhoofu huo hutengenezwa nyumbani, tena kwa mapenzi. Jamaa humpokonya mgonjwa ndoo, ufagio na hata sahani yake, akaambiwa alale apumzike. Watafiti wa Marekani walipowalaza kitandani wazee wenye afya kwa siku 10 tu, kama walivyoripoti mwaka 2007, wazee hao walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu, na hao hawakuwa na ugonjwa wowote wa moyo.

Habari njema ni kwamba nguvu zilizopotea hurudi. Jaribio la REHAB-HF, lililochapishwa mwaka 2021, liliwachukua wagonjwa 349 wa miaka 60 na zaidi waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, likawafundisha baadhi yao nguvu, mizani ya mwili, mwendo na ustahimilivu, mara 3 kwa wiki kwa wiki 12. Waliofundishwa waliwapita wenzao kwa uwezo wa kutembea na kuinuka, ingawa kulazwa tena hospitalini hakukupungua. Mazoezi yenyewe hayadai mashine: kuinuka kitini na kukaa, kusimama umeshika meza, kisha kutembea uwanjani kwa mwendo unaoruhusu kuzungumza. Miteremko ya Amani isubiri, na mgonjwa anayehema akiwa amekaa, anayezidi kuvimba au anayebanwa kifua amwone daktari kwanza.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Mwili unaojenga misuli unahitaji protini, na mbaazi, kunde, mayai na samaki wabichi hutosha kuileta, ila papa mkavu na ng'onda hubeba chumvi nyingi inayovuta maji mwilini. Anayetumia dawa ya spironolaktoni aulize kabla ya kuzoea madafu, kwa sababu dawa hiyo huzuia potasiamu isitoke, na madafu yamejaa potasiamu. Upungufu wa damu, uliokutwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Muhimbili, nao utafutiwe chanzo, iwe malaria, safura au lishe.

Mizani isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa maji huficha kilo za misuli zilizopotea. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na mgonjwa arudi kliniki. Uzito ukibaki palepale huku mapaja yakinywea, na kuinuka kitini mara 5 kukizidi sekunde 15, basi misuli ndiyo inayokwenda, na kuongeza vidonge vya kukojosha hakutairudisha.