Mwanao Akishikwa: Yampasayo Mzazi Kuyajua Kabla ya Kufika Kituoni

Kila msako unapopita katika mitaa yetu, iwe ni Majengo, Kisauni, Likoni au Mji wa Kale, hapakosi watoto miongoni mwa wanaopakiwa kwenye karandinga. Kuna aliyekuwa ametumwa dukani, kuna aliyekuwa amekaa maskani na wenziwe baada ya sala ya Isha, na kuna ambaye, tusijidanganye, alikuwa na la kujibu. Makala haya yanawahusu wote hao. Sheria ya Kenya haikuweka kinga kwa watoto wema peke yao. Imeiweka kwa kila aliye chini ya miaka 18, na hata mtoto aliyekosa kweli hapotezi haki hizo kwa sababu ya kosa lake.

Tumelazimika kuyaandika haya kwa sababu tumeona jinsi habari za kushikwa mtoto zinavyopokewa majumbani. Baba hukasirika na kusema mwache alale huko apate adabu. Mama hulia, kisha hukusanya fedha za vikoba na za jirani, akaenda kituoni usiku bila kujua anakwenda kudai nini. Ghadhabu ya baba na hofu ya mama zote humwacha mtoto peke yake katika saa zilizo nzito kuliko zote, nazo ni zile za mwanzo.

Tuanze na umri, maana ndio msingi wa mengine yote. Katiba ya 2010 inamtambua mtoto kuwa ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa kuwa sisi tuna kipimo chetu cha dini: mvulana akishabaleghe huandikiwa amali zake, na huenda akawa na ndevu na sauti nzito akiwa na miaka 15. Tumesikia wazee wakisema mbele ya polisi, kwa nia njema kabisa, "Huyu si mtoto tena, ameshabaleghe." Neno hilo ni la kweli msikitini, lakini kituoni humwangamiza kijana. Taklifu ya sala na saumu haiondoi ukweli kwamba mbele ya serikali yeye ni mtoto, na mzee anayemtaja kuwa mtu mzima anamsaidia afisa kumwandika hivyo. Akishaandikwa ana miaka 18, atalazwa na wakubwa na kupelekwa katika mahakama ya wakubwa.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kubeba, kabla ya fedha, ni cheti cha kuzaliwa. Tunajua kwamba familia nyingi za Pwani hazina, ama kwa kuzalia nyumbani, ama kwa usumbufu wa kukitafuta. Basi chukueni kadi ya kliniki, barua ya skuli, au hata daftari la madrasa lenye mwaka wa kuzaliwa. Ikiwa umri una shaka, mahakama inaweza kuagiza daktari ampime. Kipimo hicho ni cha kukadiria tu, na kwa kijana aliye kwenye mpaka wa miaka 17 na 18, karatasi iliyoandikwa zamani ina thamani kubwa. Ambaye mwanawe hajashikwa na hana cheti, na aanze kukishughulikia wiki hii.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ilileta badiliko kubwa ambalo bado halijafika masikioni mwa wengi. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sasa aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kabisa. Na aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hajui kutenganisha jema na baya, mpaka mahakama iridhike kwamba alikuwa akijua. Basi ukimkuta mtoto wa miaka 10 nyuma ya kaunta ya kituo kwa tuhuma za kuiba simu, hapo hapana kesi ya jinai ya kujibiwa. Kuna suala la malezi, na la afisa wa watoto.

Mtoto akishikwa, ana haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, kwa nini ameshikwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu ambao msaada wao unahitajika, na polisi wanapaswa kuwaarifu wazazi au walezi wake upesi iwezekanavyo. Mzazi anapofika, asiondoke bila kuhakikisha kwamba jina la mwanawe limeingizwa katika kitabu cha matukio, ambacho sote tunakijua kwa jina la OB. Iombe namba hiyo, uiandike, pamoja na saa aliyoshikwa na jina la afisa aliyemshika. Mtoto asiyekuwamo kwenye OB ni mtoto ambaye hakuna anayeweza kuulizwa habari zake kesho.

Suala la maelezo linahitaji uangalifu mwingi zaidi. Watoto wana tabia ya kukubali. Akiambiwa na mtu mzima aliyevaa sare kwamba akisema ndiyo atarudi nyumbani, atasema ndiyo, na ataweka saini asichokisoma. Sheria inalijua hilo. Katiba inakataza mtu kulazimishwa kukiri. Nayo Sheria ya Ushahidi inasema ungamo halifai mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua inspekta ambaye si yeye anayeichunguza kesi, tena akiwapo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mwenye kuungama. Mtoto asihojiwe bila mzazi, mlezi au wakili kuwapo. Mama unayo haki ya kuketi hapo. Ukiambiwa usubiri nje kwenye benchi, sema kwa adabu na kwa sauti inayosikika kwamba unaomba mahojiano yasimame mpaka uingie. Pasiwe na matusi wala makelele, kwa kuwa ugomvi kituoni huwapa watu sababu ya kukutoa. Na ukiulizwa mwenyewe ilikuwaje, usimwungamie mwanao kwa kutaka kumlainisha afisa.

Kwa mabinti kuna jambo la ziada. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inaagiza kwamba mwanamke anapolazimika kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, na kwa kuzingatia staha barabara. Binti aliyeamrishwa avue buibui au mtandio mbele ya afisa wa kiume anayo haki ya kukataa na kuomba aitwe afisa wa kike, na wazazi wanayo haki ya kulalamika yakishafanyika kinyume.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto hatazuiliwa ila iwe ni hatua ya mwisho baada ya nyingine kushindikana. Na hata hapo, azuiliwe kwa muda mfupi ufaao, mbali na watu wazima, na katika mazingira yanayojali jinsia na umri wake. Vituo vingi vyetu ni vidogo na vya zamani, seli ni mbili, na mara nyingi husikia mzazi akijibiwa kwamba hapana pengine pa kumweka. Jibu hilo lisikufunge kinywa. Ikiwa hapana pa kumweka mbali na wakubwa, hiyo ni hoja ya kumpa dhamana arudi nyumbani na wazazi, haiwi ruhusa ya kumchanganya. Mkuu wa kituo, OCS, anao uwezo huo. Dhamana ya polisi yenyewe haiuzwi: hutiwa saini bila malipo, na kama mtaombwa kuweka fedha taslimu za kudhamini kufika kwake, mdai risiti ya serikali. Fedha isiyo na risiti si dhamana, na kila anayeitoa humpandishia bei mzazi atakayemfuata.

Mtu aliyeshikwa anapaswa kufikishwa mahakamani haraka, na isipite saa 24. Lakini ukomo huo una mlango wake. Saa hizo zikimalizikia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, basi mwisho wake huwa ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa maneno mengine, kijana anayeshikwa Ijumaa jioni anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa, na Jumatatu ikiwa ni siku ya Idd, hadi Jumanne. Usiku nne seli, kwa mtoto wa miaka 14! Ndiyo sababu dhamana ya kituoni ni muhimu zaidi mwishoni mwa wiki kuliko siku nyingine yoyote. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inampa mkuu wa kituo wajibu wa kulitazama shauri pale isipowezekana kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, na kumwachilia kwa dhamana isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Mtajieni wajibu huo. Wengine hushangaa kumwona mama wa buibui akiutaja, na mshangao huo peke yake umewahi kufungua milango.

Kwa Mombasa, mashauri ya watoto husikizwa katika Mahakama ya Watoto iliyoko Tononoka. Tuseme wazi kwa wale wanaokimbilia kwa Kadhi: mamlaka ya Mahakama ya Kadhi yamefungwa kwenye ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi baina ya Waislamu, na hawezi kuitoa kesi ya jinai polisi, hata akiwa na huruma namna gani. Mtoto akifika mahakamani bila wakili, mzazi amwombe hakimu aagize apewe wakili. Katiba inaitaka serikali itoe wakili pale ambapo pasipo yeye haki itadhulumiwa pakubwa. Na jihadharini na wale wasio mawakili wanaozungukazunguka uani, wenye nasaha moja kwa kila mtu: "Mwambieni akubali kosa, yaishe leo." Hayaishi leo. Mtoto aliyekubali mbele ya hakimu amejifungia mwenyewe utetezi wake wote, pengine kwa jambo asilolifanya.

Kuna njia nyingine, iliyo halali, kwa mtoto aliyekosa kweli katika jambo lisilo zito. Sheria ya 2022 imeweka utaratibu wa kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa kesi: akakubali kwa hiari yake, bila kushinikizwa, kwamba alitenda, wazazi wakaridhia, na badala ya mashtaka akaomba radhi, akarejesha au kulipa alichoharibu, au akawekwa chini ya uangalizi. Miongoni mwa makusudio yake ni mtoto asibebe rekodi ya jinai. Sisi tunauona utaratibu huu kuwa karibu mno na suluhu tunazozijua, za kumkalisha aliyekosa na aliyekosewa mbele ya wazee. Wazazi wauulizie mapema kwa afisa wa watoto na kwa mwendesha mashtaka, kwa kuwa hakuna atakayewatafuta nyumbani kuwaeleza. Masharti yake ni kwamba uwepo ushahidi wa kutosha. Utaratibu huu haukuwekwa ili kumbebesha mtoto kosa pale polisi walipokosa la kumshtakia.

Ikifika hapo pabaya zaidi, na mtoto akapatikana na hatia, hawezi kuhukumiwa kifo wala kifungo cha jela. Yapo maagizo mengine: kuachiliwa kwa masharti, uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia, shule ya kurekebishia tabia, au taasisi ya borstal, kama ile ya wavulana ya Shimo la Tewa, ambako muda wake hauzidi miaka 3. Anapongoja kesi bila dhamana hapelekwi rumande ya wakubwa, hupelekwa makao ya watoto kama yale ya Likoni. Nendeni mkamtazame. Mtoto anayetembelewa kila siku ya ziara huangaliwa tofauti na asiye na mtu.

Hatuwezi kuliacha bila kulitaja lile linalotisha zaidi Pwani. Tarehe 2 Februari 2014, polisi walipovamia Masjid Musa, zaidi ya watu mia moja walishikwa, na watoto walikuwamo. Tuhuma za ugaidi zina sheria yake, na chini yake mahakama inaweza kuruhusu mshukiwa azuiliwe hadi siku 90 kwa uchunguzi. Lakini ni mahakama ndiyo inayoruhusu, si polisi peke yao, na mtoto anayetuhumiwa kwa hilo hubaki kuwa mtoto kwa kila tulilolitaja. Akichukuliwa na watu wasiojulikana na vituo vyote vikakana kuwa naye, pasipite siku mbili tatu za kungoja. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake, na hiyo ni miongoni mwa haki chache ambazo Katiba imezikataza zisipunguzwe kwa sababu yoyote. MUHURI na Haki Africa, zote zikiwa na ofisi Mombasa, zimeyazoea mashauri ya aina hii.

Mtoto akitoka, mtazameni mwili wake siku hiyohiyo, kwa upole, na mvulana atazamwe na baba au mjomba ikiwa anamwonea mama haya. Penye alama za kipigo, mpelekeni hospitali ya serikali kabla hajaoga na kabla alama hazijafifia, daktari aandike, na nguo alizovaa zihifadhiwe. Malalamiko dhidi ya polisi hupokewa na mamlaka huru ya kuwasimamia, IPOA, ambayo ina ofisi Mombasa na namba ya bure 1559. Kwa msaada wa mtoto wa jambo lolote, saa yoyote ya usiku au mchana, namba ni 116, nayo hailipiwi. Ziandikeni ukutani karibu na kalenda, na watoto nao wazihifadhi kwa moyo, maana simu hunyang'anywa kwanza.