Joto la Mombasa Lina Majira Yake

Mgeni akishuka Mombasa hulalamikia joto, na akiambiwa kwamba ndivyo kulivyo mwaka mzima, huamini kisiwa hiki hakina majira. Kipimajoto huonekana kumuunga mkono. Machi, mwezi mkali kuliko yote, joto la mchana hufika karibu nyuzi 33 za Selsiasi. Julai na Agosti hushuka hadi 28 hivi. Tofauti ni nyuzi tano tu, na mara nyingi tofauti ya adhuhuri na alfajiri ya siku moja huizidi hiyo. Hata hivyo, anayeishi pwani anajua kwamba Machi na Julai hazifanani hata kidogo. Kinachozitenganisha zaidi ni upepo, na mji unaojengwa bila kuujali upepo huwaongezea wakazi wake joto ambalo wangeweza kuliepuka.

Sababu ya kwanza ya joto kutulia ni mahali kisiwa kilipo, takriban nyuzi nne kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kwa nusu saa hivi. Sababu ya pili ni bahari, ambayo hupata moto polepole na kupoa polepole. Muscat nayo iko baharini, lakini kwa kuwa iko mbali na Ikweta, mchana wa kiangazi chake hupita nyuzi 40 na ule wa Januari hubaki karibu 25. Nairobi iko karibu na Ikweta kuliko Mombasa, ila mwinuko wake wa zaidi ya mita 1,600 huipa Julai ya masweta. Mombasa imekutanisha Ikweta, bahari na ardhi ya chini, ndiyo maana kipimajoto chake hakichezi sana.

Lakini mwili wa binadamu hupoa kwa jasho kukauka, na hewa iliyojaa unyevu hulizuia jasho lisikauke. Hapo ndipo upepo unapoamua mambo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hutawala kusi, ambao una nguvu zaidi. Kati ya pepo hizo mbili hewa hulegea. Fukuto la Machi hutokea kwa sababu jua liko utosini, kaskazi inachoka na mvua za masika bado hazijashika. Kwa hiyo mabaharia, wavuvi na wakulima waliougawa mwaka kuwa kiangazi, masika, kipupwe na vuli walipima kitu halisi: upepo na mvua.

Mji wa Kale, ulio upande wa mashariki wa kisiwa, unaonyesha namna ya kujenga kwa kipimo hicho. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa, na dari zimeshikiliwa na boriti za mikoko. Mitaa ni myembamba, hivyo kuta hutiliana kivuli. Madirisha ni marefu, yana mbao zinazozuia jua na kupitisha hewa, na barazani mtu huketi nje bila kuchomwa na jua.

Wapo wanaosema kuta nene hazifai mahali penye unyevu, kwa kuwa hunywa joto la mchana na kulitoa usiku watu wakilala. Hoja hiyo ina ukweli. Jiwe lililoachwa juani hutesa usiku. Lililokaa kivulini halina joto jingi la kurudisha, na madirisha yakifunguliwa hata hilo dogo hutoka. Nguvu ya nyumba hizo basi imo katika ushirikiano wa ukuta, kivuli na upepo, na anayeziba madirisha ameuvunja ushirikiano huo. Wengine husema kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja haiwezi kurudi kwenye matumbawe na mikoko. Ni kweli, wala haipasi: miamba na misitu hiyo inahitaji kulindwa. Lakini kivuli cha mtaa, madirisha yanayotazamana na dari ya juu vinawezekana hata kwa saruji. Kiyoyozi nacho kina kazi yake, hasa hospitalini, ila hutupa joto lake nje kwa jirani, na bili yake ya umeme haimudu mtu anayelala chini ya mabati.

Hoja hii inazidi kupata uzito dunia inapoongezeka joto. Mahali ambapo kipupwe na kilele cha kiangazi vimepishana nyuzi tano, ongezeko la nyuzi moja ni sehemu ya tano ya umbali huo wote: Julai husogea kuelekea Machi, na Machi husogea mahali ambapo mji haujazoea kufika. Kaunti inapoidhinisha ramani za majengo mapya, swali la mahali upepo wa kusi na kaskazi utakapopita linastahili kuulizwa pamoja na maswali ya maji na barabara. Nyumba inayoweza kulalika Machi bila umeme ni suala la afya, na watu wa kipato cha chini ndio wanaoihitaji kuliko wote.