Gurudumu la Bungoma na Mwezi wa Ramadhani

Mtoto wa Mombasa haambiwi pia ni nini. Huizungushia uzi, huirusha, nayo husimama juu ya ncha yake ikivuma. Lakini kwa nini husimama ikizunguka, na ikitulia huanguka? Swali hilo lilinifuata hadi Kitale, kwenye mashamba ya mahindi karibu na Mlima Elgon, nilikosomesha fizikia mwaka 1998.

Somo lilikuwa momenta ya mzunguko. Kitu kizungukacho, kisipopindwa na nguvu ya nje, hakipunguzi wala hakizidishi momenta hiyo. Nilimketisha kijana juu ya kiti cha kuzunguka, mikono ameitanua, kila mkono jiwe. Nikamsukuma. Alipoikunja mikono kifuani akaenda mbio, darasa likaangua kicheko. Uzito umesogea katikati, basi mwendo hauna budi kuzidi.

Kisha nikampa gurudumu la baiskeli. Lilikuwa la baba yake, mchukuzi wa abiria mjini Bungoma, aliyekubali kukaa siku tatu bila kazi ili mwanawe asome. Nikalizungusha likiwa limelala. Akalipindua, na kiti kilichokuwa kimetulia kikaanza kuzunguka kufuata upande wa kwanza wa gurudumu.

Kikapunguza, kikasimama. Kijana akaniuliza: "Mwalimu, umesema hakuna kinachopotea. Mbona kimesimama? Nitamwambia nini baba?"

Nikamjibu, "Ni msuguano." Jibu halikumshibisha, wallahi, hata mimi halikunishibisha.

Desemba nilikuwa Mombasa, tukiutafuta mwezi wa Ramadhani, na bahari imo katika bamvua. Hapo ndipo nilipofahamu. Mwezi huvuta maji, maji husuguana na ardhi, dunia ikapunguza mzunguko wake: siku hurefuka takriban sehemu mbili za elfu moja za sekunde kila karne. Kinachopungua duniani hupewa mwezi, nao hujitenga nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Hayo hupimwa kwa miali ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa huko tangu mwaka 1969.

Shule zilipofunguliwa nikamwambia: "Haikupotea. Kiti kimeikabidhi sakafu, na sakafu ni dunia. Ukubwa wake ndio unaotuficha."

Akaenda kumweleza babake. Aliporudi Kitale alinichukulia salamu za mzee: basi na zile siku zake tatu hazikupotea, zimehamia kwa mwanawe.